Placidius Mugyabuso, Papa wa Kibingo, na Kaburi Alilojijengea

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wa ukoo, ndugu na majirani mlio chini ya turubai na mlio nje yake. Haya ni maisha ya Marehemu Katekista Placidius Mugyabuso, yameandikwa na mdogo wake wa mwisho, Deodatha, ambaye ndiye anayesoma. Nimeombwa nisome kwa kifupi. Nimeombwa pia nisiingize mambo ya familia, na ombi hilo nimelisikia.

Marehemu alizaliwa Igurwa, Karagwe, tarehe 5 Oktoba 1953, sikukuu ya Mtakatifu Plasidi, na ndiyo maana ya jina lake. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mugyabuso na Mama Evaresta, wote wametangulia. Mimi nilifuata mwisho kabisa, mwaka 1970, yeye akiwa kijana wa ndevu. Mama alituambia kwamba akiwa mdogo alitumwa jikoni kuchochea moto, na badala ya kuchochea alichukua mkaa akachora ng'ombe wote wa baba ukutani, mmoja mmoja na pembe zake. Baba alipomaliza kumchapa alisimama akawatazama wale ng'ombe, akasema mmoja amekosewa mkia. Marehemu akaurekebisha huku analia.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Igurwa, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Akaenda seminari ndogo, akarudi nyumbani mwaka wa pili. Kisa chake mnakijua kwa namna mbalimbali, basi tukiandike namna moja. Alichora Jumapili ya Matawi kwenye ukuta wa bweni, na uso wa Gombera, mkuu wa seminari, ulionekana humo. Yeye mpaka anakufa alisema alimchora Gombera akiwa mtu anayetandaza nguo njiani. Wenzake walisema ni punda. Mimi sikuwepo, lakini kaka yangu ninamjua.

Baada ya kulima miaka kadhaa alipelekwa kusomea ukatekista, akahitimu mwaka 1977. Tarehe 5 Mei 1979 alifunga ndoa na Joviana, binti wa Muleba, aliyekaa hapo mbele kwenye mkeka. Walijaliwa watoto wawili, Elick na Beata. Mwaka 1984 Kanisa lilimtuma Kibingo, ambayo wakati huo ilikuwa bado Karagwe, kusimamia kigango. Walimpa kipande cha pori, akakifanya kibanja kwa mikono yake na ya mkewe: ndizi, kahawa, maharage katikati. Ndicho hiki tulimosimama. Hakukuwa na kaburi la babu humu wala la mjomba. Alikuta majani na nyoka. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Sasa utawala wake. Ninaandika utawala kwa sababu hakuna neno jingine. Aliongoza kigango kile kutoka 1984 hadi 2019, na ndugu zetu Walutheri wa ng'ambo ya bonde ndio waliomwita Papa, kwa kejeli, kwa sababu ya kanzu yake nyeupe na kikofia alichoshonewa kule Murongo, mpakani. Walidhani atakasirika. Jumapili iliyofuata akawapungia mkono njiani kama anawabariki.

Kulikuwa na kalenda moja ya misheni aliyoihifadhi sebuleni miaka na miaka ingawa tarehe zake zilishapita. Ilikuwa na picha za makanisa ya Roma, na chini yake maelezo kuhusu Papa wa zamani aliyependa wachoraji, wachongaji na waimbaji, akawalisha nyumbani kwake, akajijengea na kaburi la kupendeza kabla hajafa. Marehemu aliyajua maelezo hayo kwa moyo kuliko Kanuni ya Imani. Nilimwambia zamani, kaka, Papa wa kalenda alikuwa na Roma, wewe una kahawa kidogo na mke mmoja aliyechoka. Akasema, "Deodatha, hata yeye alianza na ukuta mmoja."

Basi nyumba ile ikawa mlango wazi. Kila aliyepita na ngoma begani, na patasi mfukoni, na sauti ya besi, alikula kwetu. Mimi nilihamia hapa mwaka 2003 baada ya kufiwa na mume wangu, na niliwapikia. Niliwaangalia mikono kuliko nilivyowaangalia nyuso. Kuna mchongaji mmoja alikaa msimu mzima wa mvua akichonga Mtakatifu Yosefu, na Yosefu hakufika chini ya kiuno. Aliondoka na blanketi.

Mmoja tu hakuondoka. Theoneste Nshimiyimana alifika mwaka 1991 kama kibarua wa kupalilia kahawa, na Marehemu akamkuta saa ya mapumziko anachora uso wa Joviana kwa mti kwenye vumbi. Hakumrudisha tena kwenye jembe. Watu walisema mengi. Walisema Mnyarwanda huyo ni mpelelezi, walisema ana dawa, walisema haiwezekani mtu kupewa chakula kila siku kwa kupaka rangi. Mimi nilisema la mwisho hilo.

Ni yeye aliyechora ukuta wa kigango. Rangi ya dhahabu ilinunuliwa ng'ambo, Uganda, na afisa mmoja pale Murongo alimsimamisha Marehemu juu ya bodaboda na makopo yake.

"Mzee, rangi yote hii ya dhahabu ya nini?"

"Ya taji."

"Taji la nani?"

"La Mama."

"Mama yako ni malkia?"

"Ni wako pia," Marehemu akasema, "ila hujamtembelea siku nyingi."

Akapita. Alilipa ushuru, niandike hivyo maana wapo wenye masikio hapa.

Mwaka 1997 ile mvua kubwa iliponyesha, paa la kigango lilivuja kila mahali isipokuwa pale penye picha, kwa kuwa bati jipya lilipigwa pale tu. Waumini walilalamika, "Katekista, tunalowa." Akawajibu, "Tazameni ukutani, msitazame juu." Na walitazama. Ilikuwa ni Harusi ya Kana, na wageni wote wa harusi walikuwa sisi. Mzee Mwesiga, mzee wa ukoo wetu, yupo pale kama msimamizi wa karamu, na mnaona leo jinsi alivyochorwa na tumbo. Mimi niliongezwa baadaye, nimebeba mtungi, sikuulizwa. Na hakuna divai. Kuna vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mirija. Padre mmoja mgeni aliuliza, "Katekista, Galilaya kulikuwa na vibuyu?" Marehemu akasema, "Baba, walikunywa kilichokuwepo." Yule padre alikaa na sisi mpaka jioni.

Nimefika kwenye kaburi, na hapa nitakwenda polepole.

Mwaka 2008 Marehemu aliamua kujijengea. Alichimba hapo nyuma ya nyumba, akajenga chumba cha matofali ya kuchoma, chenye kuta nne, cha kufunikwa kwa zege. Wazee walikuja asubuhi wakiwa na fimbo zao.

"Placidius, unamwita nani?" Mzee Mwesiga aliuliza.

"Simwiti mtu. Ninajiandalia."

"Shimo likichimbwa linazikiwa siku hiyo hiyo. Likikaa tupu litatafuta mtu. Kama si wewe, ni mimi."

"Wewe hutoshi, mzee. Nimelipima kwangu."

Hawakucheka. Wakamwambia kama ilivyo desturi: shimo lililokosa mtu huzikiwa mgomba. Ukakatwa mgomba kwenye kibanja, ukaviringishwa kwenye mkeka na lubugo, ile nguo ya gome la mti, ukaitwa kwa jina lake, Placidius Mugyabuso, ukateremshwa. Tulirusha udongo kidogo. Kuna wanawake walilia kweli, sijui walikumbuka nini. Marehemu mwenyewe alisimama kando na kanzu yake akiangalia anavyozikwa, akaniuliza kwa sauti ndogo kwa nini wimbo umeanzwa juu hivyo. Wazee wakanywa, wakaenda. Zege lilikuwa limwagwe kesho yake, likamwagwa baada ya juma zima. Marehemu na Theoneste walitundika turubai juu ya shimo, wakasema matofali yanakauka. Nilijiuliza ni matofali gani yanayokaushwa na wanaume wawili walioingia ndani, mmoja na brashi. Nikauliza. Nikaambiwa nikachemshe chai.

Marehemu aliugua kisukari tangu mwaka 2016, akastaafu 2019, na mwaka jana figo zikachoka. Alilazwa mara nyingi. Mara ya mwisho alimwuliza muuguzi kama anaweza kumleta mtu wake apake ukuta wa wodi picha kidogo. Muuguzi akamwambia, "Babu, hapa tunapaka chokaa." Akasema, "Ndiyo maana watu wanakata tamaa." Alifariki hospitalini asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, mkewe na Theoneste wakiwa kando yake.

Ninajua kinachosemwa kwenye foleni ya kunawa. Kwamba alipewa kitu. Kwamba ni Theoneste aliyekuwa anamletea juisi ya ndizi kila siku. Basi sikieni. Kila chupa ya juisi ile niliionja mimi kwanza, pale mlangoni, mbele yake, na Theoneste alisubiri nimalize. Kama ingekuwa sumu tungelala wawili humo. Madaktari walisema figo, na karatasi ya hospitali anayo Mwenyekiti. Mwenye neno lingine alilete mchana, na jina lake.

Mashaka yangu mimi yapo mahali pengine. Nayaandika kwa sababu yanayosemwa kwenye matanga bila kuandikwa, kila mtu huenda kwao na lake.

Elick mwanetu alifika kutoka Bukoba Jumatano ile ile jioni. Alilia kama mtoto anavyomlilia baba, hilo nililiona. Alhamisi asubuhi akatuita wazee na mimi, akasema baba azikwe kule kigangoni, chini ya ukuta wa picha zake. Wote waliitikia. Ni heshima kubwa, walisema. Papa alale kanisani kwake. Mimi nilikuwa nimeshika sinia nikaliweka chini. Huyu kijana tangu apate duka mjini hajaingia kigango kile isipokuwa Krismasi, na anasimama nje na simu. Leo anakitaka kigango.

Na Jumapili iliyotangulia, Marehemu akiwa bado yu hai wodini, kulikuwa na mtu mwenye futi ya kupimia anatembea kwenye migomba yetu. Nilimwuliza anatafuta nini, akasema ametumwa na mwenye shamba. Mwenye shamba alikuwa kitandani na mpira wa dripu mkononi.

Nikamwuliza Elick mbele ya wazee. Akasema ni mambo ya uzio.

"Uzio wa nini, tuna mbwa," nikasema.

"Shangazi, leo si siku yake."

"Na mama yako atakaa wapi?"

"Mama atakuja kwangu mjini, apumzike."

"Na mimi?"

"Na wewe, shangazi, tutaona."

Wageni waliotoka mbali niwaeleze. Huku kwetu kibanja mwenye nyumba akishalala humo hakiuzwi. Mnunuzi akiona kaburi anarudisha pikipiki yake alikotoka, hataki kulima juu ya mtu wa watu. Kibanja hiki hakina kaburi jingine. Kama Placidius angepelekwa kanisani, hapa pangebaki ndizi tu, na ndizi zina bei. Mimi na Joviana tunalala humu. Kwa hiyo anayesema Deodatha anajitetea, amesema kweli, na aendelee kusikiliza.

Nikasema, kaburi lake lipo, alilijenga mwenyewe, tutamzika huko. Hapo Elick akanionyesha kwamba amerithi kichwa cha baba yake.

"Lile limeshazikiwa, shangazi. Mlizika nyinyi. Mtu hazikwi juu ya mtu."

"Juu ya mgomba."

"Mgomba mliuita jina lake. Mliulilia. Wewe mwenyewe ulirusha udongo."

Mzee Mwesiga akasema kijana yuko sahihi. Placidius alikwisha kuzikwa pale mwaka 2008, mbele yake, kwa taratibu zote. Kufunua kaburi lililozikiwa ni kuita balaa. Wazee wengine wakasema ndiyo. Elick hakutabasamu, lakini alikaa chini, na mtu huwa hakai mpaka aone yameisha.

Joviana hakuwa amesema lolote tangu Jumatano. Alikuwa kwenye mkeka na kanga kichwani, tukadhani amesinzia.

"Hakuna kitu mle," akasema.

Mzee Mwesiga akamwomba arudie.

"Hakuna kitu. Mlipokwenda kunywa, baba Elick na Theoneste waliutoa. Nikaukatakata. Ng'ombe walikula."

"Ng'ombe walikula nini?"

"Placidius wenu."

Kisha wazee wakaanza kugeuka kutazamana, kila mmoja anahesabu waliokufa Kibingo tangu mwaka ule, na nani kati yao alichukuliwa na shimo tupu. Mzee Mwesiga alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alimwambia Joviana kwamba amekaa miaka yote akijua, akinywa kahawa na watu ambao kaburi lilikuwa linawatafuta. Joviana akamjibu, "Lilikuwa limefunikwa, waitu. Na wewe upo." Na kweli alikuwepo.

Elick akasema hayo ni maneno ya mama aliyefiwa, hayathibitishi kitu. Nikasema basi lifunuliwe. Alisita. Mtu ambaye hana sababu ya kusita hasiti, lakini nimwandikie haki yake: alisita, kisha akaenda mwenyewe kutafuta mitaimbo.

Lilifunuliwa jana, Ijumaa mchana, na wengi wenu mlikuwepo mkisukumana. Vijana sita walinyanyua lile zege. Theoneste alisimama mbali na kofia mikononi kama anayesubiri hukumu. Ndani hamkuwa na mgomba, hata uzi wa mkeka. Palikuwa pakavu, na kuta zote nne zilikuwa na rangi. Walikuwa wamechora kibanja hiki. Migomba pande zote, kahawa imeiva, moshi wa jiko la Joviana, ng'ombe, mimi tena na mtungi. Majirani wamekaa kwenye majani wakitazama katikati, mahali mtu atakapolala, kama watu waliokuja kumsalimu mgonjwa. Upande wa miguuni kuna mvulana mwenye kaptula ya shule anapiga ngoma na msichana anacheza. Mvulana ni Elick. Hakuna aliyehitaji kuambiwa, kovu la shavuni lipo.

Mzee Mwesiga alijitafuta, akajiona, akasema safari hii tumbo limepungua.

Elick aliinama ukingoni muda mrefu. Alijifuta uso. Vumbi lilikuwepo pia, sitasema zaidi ya nilichokiona. Aliponyooka alisema neno moja kwa wale vijana: "Lifagieni." Sijamwuliza tena habari za uzio na yeye hajanieleza. Simu yake imeita mara nyingi tangu jana, na anakwenda kuipokelea barabarani.

Kwa hiyo, mwanangu Elick, udongo wa kwanza ni wako, wewe ndiye mrithi. Utaurusha mchana huu, kwa mkono wako, Baba Paroko na Mwenyekiti wakiona. Na yule bwana wa futi, kama yumo kati yetu, amekaribishwa chakula, na akimaliza apime na hili kaburi, aliingize kwenye hesabu za aliyemtuma.

Marehemu ameacha mjane, Joviana, watoto wawili, Elick na Beata, wajukuu saba, dada mmoja, ambaye ni mimi, Theoneste, aliyekula mezani kwake miaka thelathini na zaidi, na ambaye naandika kwa ruhusa ya Joviana kwamba ni wa nyumba hii, waumini wa kigango, na ukuta wao. Wote hao wapo hapa, na wote wamesikia.

Bwana ampe kaka yetu pumziko la amani, na ampe hapa hapa.